Hagia Sophia na Mikono ya Wenye Silaha

Katika mji wa Istanbul, nchini Uturuki, lipo jengo lililopitiwa na majeshi mengi, na hata leo limesimama. Jengo hilo ni Hagia Sophia, maana yake Hekima Takatifu.

Chanzo chake ni ghasia. Mwezi Januari 532, mji ukiitwa Konstantinopoli, washabiki wa mashindano ya magari ya farasi waliungana kumwasi Kaisari Justinian. Kanisa kuu likateketezwa. Majeshi ya Belisarius na Mundus yakazima uasi huo kwa upanga. Mwanahistoria Procopius aliandika kuwa waliouawa walizidi 30,000. Mwezi uliofuata ujenzi mpya ukaanza, chini ya Anthemius wa Tralles na Isidore wa Miletus, mabingwa wa hesabu. Mwaka 537 kanisa likafunguliwa.

Ufundi wake umo katika kugawa uzito. Kuba ya duara, yenye upana wa mita 31 hivi, imewekwa juu ya matao manne yanayobebwa na nguzo nne kuu. Katika pembe za matao zimejengwa pembetatu zilizopinda, ambazo huupokea uzito wa kuba na kuuteremsha nguzoni. Nusu-kuba mbili, mashariki na magharibi, huzuia kuta zisisukumwe nje. Kuba ya kwanza, iliyokuwa bapa mno, ilianguka mwaka 558 kufuatia mitetemeko ya ardhi. Isidore Mdogo akajenga nyingine iliyoinuka zaidi.

Mwaka 1204 wanajeshi wa Vita vya Msalaba, Wakristo wenyewe, walilipora kanisa hilo la Wakristo wenzao, wakaingiza nyumbu ndani kubeba vyombo vitakatifu. Mwaka 1453 Sultani Mehmed wa Pili aliuteka mji. Mwandishi Doukas asimulia kwamba Sultani alimkuta askari wake akivunja marumaru ya sakafu, akampiga kwa upanga, na kumkumbusha kuwa majengo ni mali ya mtawala. Kanisa likawa msikiti, na katika karne ya 16 mjenzi Sinan akaliimarisha. Mwaka 1934 iliamuliwa liwe makumbusho. Mwaka 2020 likarudishwa kuwa msikiti.

Nguzo na matao huubeba uzito wa kuba. Dhidi ya askari mwenye nyundo havikuwa na kinga. Siku ile ya mwaka 1453 kinga ilikuwa amri ya mkuu wake. Mwaka 1204 amri kama hiyo haikutekelezwa, na hazina zilizochukuliwa zikatawanyika Ulaya.