Uyoga ni Kazi ya Kikundi

Wiki hii nazungumza nanyi nikiwa Ngerengere, chini ya milima ya Uluguru. Huku masika yakishika, akina mama huamka alfajiri na vikapu kwenda porini kutafuta uyoga. Mama mmoja alinisimamisha njiani akaniuliza: Bwana shamba, kila mwaka tunakwenda mbali zaidi na vikapu vinarudi vyepesi zaidi, kwa nini usitufundishe kuupanda uyoga huu huu nyumbani? Nikamwambia, mama yangu, jibu lake ni refu kidogo. Basi leo nalijibu mbele ya wote.

Uyoga tunaouchuma ni kama embe tu. Mwembe wenyewe umejificha udongoni au ndani ya gogo, nao ni nyuzi nyeupe nyembamba kuliko unywele. Nyuzi hizo hazina rangi ya kijani kama majani, kwa hiyo haziwezi kujipikia chakula kwa jua. Lazima zipate kwa mwingine. Sasa, kila aina ya uyoga ina njia yake ya kupata, na hapo ndipo tunapojua upi unapandwa na upi haupandwi.

Uyoga mwingi wa porini huishi na miti hai, hasa miti ya miyombo. Nyuzi zake hufungamana na mizizi ya mti. Uyoga huuletea mti maji na madini kutoka udongoni, na mti nao huulipa uyoga sukari. Ukiukata mti ule ukachoma mkaa, na uyoga wake unakosa chakula. Ndiyo sababu mama yule anakwenda mbali. Uyoga wa namna hii hauoteshwi bandani, hata ukiwa na mbegu. Shamba lake ni pori lenyewe, na kuulima ni kuiacha miti isimame.

Aina nyingine ni ule wa vichuguuni, mtamu kushinda kuku kwa maoni yangu. Huo una mkulima wake tayari, naye ni mchwa. Mchwa hula majani na miti mikavu, halafu hutengeneza vitanda chini ya kichuguu na kuustawisha uyoga humo kwa chakula chao. Nchi yetu ina aina nyingi za huo. Mwaka 1994 wataalamu wa Helsinki na Dar es Salaam waliuandika mmoja katika sayansi kwa jina la Singida. Kwa hiyo kichuguu kilichoko mbali na nyumba usikimwagie sumu.

Unaobaki ni ule unaokula vitu vilivyokufa: magogo, majani makavu, mabua. Huo ndio wetu. Uyoga mamama hukubali mabua ya mpunga, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, hata majani makavu ya migomba. Tena ninyi mlio karibu na mashamba ya mkonge mna mali isiyoangaliwa. Katika kilo 100 za majani ya mkonge, nyuzi hazizidi kilo 5, zinazobaki ni taka. Mwaka 2008 watafiti walichapisha matokeo ya kuotesha uyoga wa kienyeji wa aina tatu juu ya taka hizo hapa Tanzania, na ukaota vizuri. Mmoja kati yake huota wenyewe kwenye marundo ya mkonge. Ila ukiuchelewesha kidogo tu unayeyuka kuwa wino mweusi, kwa hiyo biashara anzeni na mamama.

Haya, kwa nini kikundi? Kwanza ni mbegu. Mbegu ya uyoga haiwekwi ghalani kama mahindi. Hutayarishwa maabara kwenye nafaka iliyochemshwa, kama mtama, na ikikaa sana kwenye joto inakufa. Mtu mmoja hawezi kufunga safari kwa ajili ya chupa mbili. Pili ni soko. Uyoga uliochumwa asubuhi, kwa joto la Ngerengere, kesho yake umeshalegea. Mteja wa Morogoro au Dar es Salaam anataka apate kila wiki, siyo leo kilo tatu halafu kimya mwezi mzima. Watu kumi wakipanda kwa zamu, kila wiki yupo anayechuma. Unaobaki mnaukausha pamoja. Kilo 10 mbichi hutoa kama kilo moja kavu.

Kazi yenyewe ni hii. Katakata mabua vipande vya urefu wa vidole viwili, yaloweke usiku kucha, yachuje mpaka ukiyakamua mkononi yatoe matone machache tu. Yapike kwa mvuke ndani ya pipa saa mbili hadi tatu, ukihesabu tangu mvuke unapoanza kutoka. Yaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Nawa mikono kwa sabuni, kisha jaza mfuko wa nailoni kwa tabaka, mabua na mbegu, mabua na mbegu: kilo moja ya mbegu kwa kilo 20 hivi za mabua yaliyolowa. (Mifuko iliyopigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 ni ile ya kubebea bidhaa, ya kazi za kilimo haimo.) Funga, toboa matundu madogo, weka gizani wiki tatu hivi mpaka mfuko uwe mweupe wote. Ndipo uupe mwanga kidogo, hewa, na unyevu wa kunyunyizia mara mbili tatu kwa siku. Banda la udongo na nyasi linafaa kuliko la bati, na sakafu imwagieni mchanga wa kulowesha.

Hapo kwenye kupika nina jambo la kukiri. Mwaka wangu wa kwanza kazini kuni ziliisha katikati, nikawaambia akina mama saa moja inatosha. Haikutosha. Mifuko 40 iliingia ukungu wa kijani, ikafukiwa yote, na kila mmoja alikuwa ametoa mchango wake. Nusu ya kikundi hawakurudi, wala siwalaumu. Basi kuni zitafuteni kabla ya mbegu, na ziwe matawi ya kupogoa mashambani. Kukata miyombo ili kupikia mabua ni kula mkono huu na kuchoma ule.

Kuhusu banda, msijenge kwa haraka. Ardhi nyingi ya Waluguru ni ya ukoo upande wa mama. Wazee wa ukoo waulizwe mapema, makubaliano yaandikwe, yawekwe kwa serikali ya kijiji, ili mwenye kiwanja akifariki banda lisiwe kesi.

Na uyoga wa porini usichanganywe kamwe na wa kikundi. Upo unaoua, na dalili zake huanza baada ya saa sita au hata kesho yake. Mgonjwa hutapika, akapata nafuu siku moja, kumbe ini linaharibika. Mambo ya kuweka sarafu chunguni, au kusema kwamba ulioliwa na wadudu ni salama, hayana ukweli. Aliyekula akaumwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo pamoja na mabaki ya uyoga.

Kwa sasa andikeni majina, mchague mtunza fedha, na mabua ya mpunga yakusanywe yangali makavu, kabla hayajachomwa. Mbegu tutaagiza banda likishaezekwa, siyo kabla.