Pelé na Moore: Walibadilishana jezi, adui akawa mmoja

GUADALAJARA, Mexico, Juni 7, 1970. Jua kali la mchana, Brazil wametoka kuichapa England bao 1-0 la Jairzinho. Filimbi ya mwisho inalia. Wanaume wawili wanasogeleana vifua wazi, jezi mkononi, wanacheka kama vile hakuna aliyefungwa.

Mmoja ni Pelé, mchezaji pekee mwenye Kombe la Dunia mara tatu. Mwingine ni Bobby Moore, beki kisiki wa West Ham na nahodha aliyelibeba kombe hilo mwaka 1966 akiwa na miaka 25 tu.

Picha ile bado inazunguka mpaka leo. Ambacho mashabiki wengi hawakijui ni kwamba wababe wale wawili waliondolewa duniani na ugonjwa mmoja: saratani ya utumbo mpana.

Moore ndiye aliyetangulia. Aprili 1991 alifanyiwa upasuaji wa dharura, na wakati ule watu waliambiwa ni tumbo tu. Februari 14, 1993 akatangaza hadharani kwamba ana saratani. Siku tatu baadaye alikuwa Wembley, amekonda, akichambua mechi ya England na San Marino redioni. Wiki moja baada ya mechi hiyo, Februari 24, akafariki. Alikuwa na miaka 51, wa kwanza kuondoka kati ya wale 11 walioanza fainali ya 1966.

Pelé aliishi muda mrefu zaidi. Agosti 2021, akiwa na miaka 80, alikwenda hospitali São Paulo kwa vipimo vya kawaida ambavyo, kwa maelezo yake, vilikuwa vimeahirishwa kwa sababu ya Korona. Madaktari wakakuta uvimbe upande wa kulia wa utumbo mpana. Septemba 4 wakautoa, zikafuata dawa za saratani. Lakini ugonjwa ulishapenya. Desemba 29, 2022, siku 11 baada ya fainali ya Qatar, Mfalme akaondoka.

Hakuna anayeweza kuapa kwamba vipimo vya mapema vingebadilisha matokeo ya Pelé. Kinachojulikana ni jinsi adui huyu anavyocheza.

ANAJENGA TARATIBU

Saratani hii si ya kushtukiza. Mara nyingi huanza na kinyama kidogo kinachoota ndani ya ukuta wa utumbo. Vingi havileti shida. Vichache hubadilika kidogokidogo, na safari hiyo inaweza kuchukua hata miaka 10. Muda wote huo mtu anakula, anacheza ndondo, anashangilia timu yake, wala haumwi popote.

Hapo ndipo penye nafasi ya kushinda. Kuna kipimo cha choo, ambapo sampuli kidogo huangaliwa kama ina damu isiyoonekana kwa macho. Na kuna kolonoskopi: mgonjwa anakunywa dawa ya kusafisha tumbo, kisha daktari anapitisha mpira mwembamba wenye kamera kupitia njia ya haja kubwa na kuukagua utumbo mpana wote. Akikiona kile kinyama, mara nyingi anakikata palepale. Mechi inaisha kabla adui hajavuka katikati ya uwanja.

Marekani, wataalamu walishusha umri wa kuanza kupima kutoka miaka 50 hadi 45 mwaka 2021. Mwenye mzazi, kaka au dada aliyewahi kuugua anatakiwa kuanza mapema zaidi.

“NI BAWASIRI TU”

Tatizo ni aibu. Mwanaume anaweza kubishana kijiweni kutwa nzima kuhusu penalti, lakini akiona damu chooni anafunga mdomo. Anajipa jibu mwenyewe: bawasiri. Anatafuta dawa ya mitishamba au vidonge vya duka la dawa, damu inakata, anasahau. Miezi inapita, inarudi.

Na kweli, mara nyingi huwa ni bawasiri. Ishu ni kwamba bawasiri na saratani zinaweza kuingia uwanjani na jezi ya rangi moja. Refa wa kuzitofautisha ni kipimo, si jirani.

Damu kwenye choo, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, tumbo kuuma kila mara, kukonda bila sababu, uchovu wa kuishiwa damu: yote hayo ni ya kumpelekea daktari, hata kwa kijana. Kwa Tanzania, kolonoskopi inafanyika katika hospitali kubwa za rufaa, Muhimbili ikiwamo.

Kinga nayo ipo. Sigara, pombe, kitambi, nyama nyekundu nyingi na soseji huongeza hatari. Mboga za majani, maharage, dona na mazoezi hupunguza. Hakuna aliyekatazwa nyama choma siku ya dabi. Kasheshe ni pale kila siku inapokuwa dabi.

Mwaka uleule wa 1993, mjane wa Moore, Stephanie, alianzisha mfuko wenye jina la mumewe kuchangia utafiti wa ugonjwa huu. Mwaka 2006 England ikaanza mpango wa taifa wa kuwapima watu wasio na dalili yoyote. Leo mtu anayeishi kule akifikisha miaka 50, posta inamletea nyumbani bahasha yenye kifaa cha kipimo cha choo, na nyingine kila baada ya miaka miwili hadi afike 74.

Moore alitimiza miaka 50 Aprili 1991, mwezi uleule aliolazwa kwa upasuaji. Wakati wake bahasha hiyo haikuwepo. Huku kwetu bado hailetwi mlangoni. Ni mtu mwenyewe anyanyuke, aende.