Nyumba ya polisi yenye sitara

Katika vituo vingi vya polisi, anayeingia hukutana kwanza na kaunta. Nyuma yake kwenye foleni kuna aliyeibiwa simu, pembeni yuko ndugu aliyemletea mahabusu chakula, na mbele yao wote anatakiwa aeleze kilichomleta. Kwa aliyepoteza kitambulisho haidhuru. Kwa mama aliyekuja kusema mwanawe amebakwa, kaunta ile ni adhabu ya pili.

Madawati ya Jinsia na Watoto ya polisi wa Tanzania yalianzishwa ili kuondoa adha hiyo. Rwanda ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2009, kwenye hospitali ya polisi ya Kacyiru, ilifungua kituo cha Isange, ambapo mwathirika humkuta daktari, mshauri na mpelelezi mahali pamoja. Lakini dawati ni meza, na meza inahitaji nyumba. Nyumba ya namna hiyo ingejengwaje Mji Mkongwe wa Unguja, ambao tangu mwaka 2000 umo katika Urithi wa Dunia?

Jibu jepesi ni kupaka chokaa nyeupe na kutundika mlango wa nakshi. Hilo huridhisha macho ya mgeni, halimsaidii mlalamikaji. Kinachofaa kuigwa ni mpangilio wa nyumba ya mawe yenyewe. Nje kuna baraza, ambako yeyote hukaa bila kuulizwa. Ukivuka mlango unaingia ukumbini, na mara nyingi njia hupinda ili wa barabarani asione ndani. Mbele ni ua ulio wazi juu, kisha vyumba vya ndani, ambako hafiki ila aliyekaribishwa. Waliojenga hivyo walikuwa wakilinda heshima ya watu wa nyumbani, na heshima hiyo hiyo ndiyo anayoitafuta mlalamikaji.

Basi shughuli nyepesi zibaki barazani na ukumbini: vitu vilivyopotea, fomu za PF3 za matibabu kwa waliopata ajali, maswali ya wapita njia. Hilo lina faida nyingine kubwa. Mitaa ile watu wanajuana, na mwanamke akionekana anaingia mlango unaojulikana kuwa wa kesi za udhalilishaji, habari humtangulia nyumbani. Mlango ukihudumia shida nyingi, hakuna atakayejua yake ni ipi. Ua uwe wa watoto, uwe na kivuli na maji ya kunywa. Mahojiano yafanyike ndani kabisa, na mtuhumiwa aingizwe kwa njia nyingine, asikutane kamwe na aliyemshitaki.

Uwepo pia mlango wa pili unaotokea kichochoro kingine, ili mlalamikaji aondoke bila kuonekana. Wazee wa Lamu walilijua hilo walipounganisha nyumba kwa wikio, kivuko cha juu ya njia, wanawake wakatembeleana bila kushuka barabarani.

Vifaa vya kale navyo vina kazi. Kuta nene za matumbawe na chokaa hupunguza joto na kumeza sauti, kwa hiyo anayelia chumba cha ndani hasikiki ukumbini. Boriti za mikoko, kwa urefu wake, hufanya vyumba kuwa vyembamba, takriban mita tatu. Kwa mkutano wa polisi ni dhiki, kwa mtoto, mama yake na askari mmoja asiyevaa sare panatosha. Ila ukuta huo ukipigwa plasta ya saruji, unyevu hunaswa ndani na vichwa vya boriti huoza, kwa hiyo bajeti iwe na fundi chokaa wa kudumu. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe, ilipoporomoka Desemba 2020 na kuua watu wawili, tuliona majengo haya yanavyotaka matunzo.

Magari ya doria hayapiti vichochoroni, kwa hiyo maegesho na ghala vikae pembezoni mwa mji, na askari waje kwa miguu.

Mamlaka ya Mji Mkongwe itakagua madirisha na kimo cha jengo, na ni haki yake. Ila ramani ipelekwe kwanza kwa wanawake wa mtaa husika, waseme wao mlango wa pili utokee kichochoro kipi.