Mwanga wa Mombasa Wafikaje Kitale?

Waya wa TEAMS ulifika Mombasa kutoka Fujairah mwaka 2009, nasi tukajivunia kuwa mlango wa intaneti ya Kenya. Lakini mwanga unaobeba ujumbe huo wafikaje Bungoma na Kitale, zaidi ya kilomita 800 kwa barabara?

Ndani ya uzi wa kioo mwanga huchoka. Ukisafiri kilomita 100, hubakia takriban asilimia 1 tu. Dawa yake ilitoka mwaka 1987, pale kundi la David Payne, Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, lilipotia erbiamu kidogo katika kioo. Leza ndogo huishibisha erbiamu nguvu. Ishara dhaifu ikipita, erbiamu huiongezea mwanga wa aina ile ile. Mita chache za uzi huo zatosha. Ukiuwekea vioo vya kurudisha mwanga pande zote mbili, wenyewe huwa leza.

Faida haiishii kwenye simu. Leza ikipigwa katika uzi uliofukiwa, sehemu ndogo ya mwanga hurudi nyuma. Ardhi ikitikisika au ikivutika, mwanga huo hubadilika, na mahali penyewe hujulikana. Mlima Elgon una historia ya maporomoko. Bududa, upande wa Uganda, yaliua watu wengi mwaka 2010. Uzi kama huo waweza kuwa sikio la mlima.

Rai yangu: Chuo Kikuu cha Kibabii kule Bungoma na kile cha Kiufundi cha Mombasa vishirikiane katika elimu hii. Mlango tunao, vijana wetu nao waingie ndani.