Namna ya Kuchagua Kitabu cha Elektroniki chenye Mifano Iliyokokotolewa

Kwa familia ya mkulima wa pamba katika Kata ya Somanda, Halmashauri ya Mji wa Bariadi mkoani Simiyu, kitabu cha elektroniki si ununuzi mdogo. Fedha yake hushindana na ada, sare na mbegu za msimu ujao, na pengine kitabu chenyewe huagizwa kwa msafiri anayekwenda Mwanza au Dar es Salaam. Kikishafika, si rahisi kukirudisha. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi, mzazi na fundi anayejiendeleza wanapaswa kujua kipimo cha kitabu bora kabla ya kutoa fedha.

Elektroniki ni elimu ya vifaa vinavyoongoza mkondo wa umeme, kama vile diodi na transista. Mwanafunzi wa sekondari hukutana nayo ndani ya somo la Fizikia, na mwanachuo wa ufundi huisoma kama fani. Fundi wa simu, redio au mitambo ya umeme wa jua huihitaji kila siku kazini. Wote watatu wana tatizo moja: maelezo ya nadharia hueleweka yanaposomwa, lakini swali la hesabu linapowekwa mezani, hatua ya kwanza haionekani. Hapo ndipo unapohitajika mfano uliokokotolewa, yaani swali lililoandikwa pamoja na njia nzima ya kulitatua.

Faida ya mifano hiyo imethibitishwa na utafiti. Mwaka 1985, John Sweller na Graham Cooper wa Australia walionesha kuwa wanafunzi wa aljebra waliosoma mifano iliyokokotolewa walitatua maswali ya aina hiyo kwa haraka na kwa makosa machache kuliko waliopewa maswali matupu. Sababu ni kwamba anayeanza hutumia nguvu nyingi za akili kutafuta njia, akabakiwa na kidogo cha kuielewa. Hata hivyo, tafiti zilizofuata zilionesha kuwa faida hiyo hupungua kadiri mwanafunzi anavyoimarika; kwa hiyo kitabu chenye mifano pekee, bila mazoezi ya kujitegemea, hakitoshi.

Ubora wa mfano hupimwa kwa kina chake. Chukua swali la kawaida: diodi ndogo ya kutoa mwanga mwekundu inahitaji volti 2 na mkondo wa miliampea 20, nayo inaunganishwa kwenye betri ya sola ya volti 12. Rezista ya kuikinga iwe na omu ngapi? Kitabu dhaifu hutoa volti 2 katika 12, hugawa volti 10 zilizobaki kwa ampea 0.02, huandika omu 500, na kuishia hapo.

Kitabu bora huendelea. Humweleza msomaji kuwa katika mfululizo wa kawaida wa rezista za madukani hakuna omu 500. Zilizo karibu ni 470 na 560. Kwa omu 560, mkondo unakuwa takriban miliampea 18, na rezista inapoteza takriban wati 0.18, hivyo ile ya robo wati inaonekana kutosha. Kisha huuliza: itakuwaje mchana, betri inapochajiwa na kufikia volti 14.4? Mkondo hupanda hadi miliampea 22 na joto hadi wati 0.27, kiasi kinachozidi uwezo wa robo wati. Jibu salama ni rezista ya omu 680 ya nusu wati, ambayo katika volti hizo 14.4 hupitisha takriban miliampea 18. Mwanafunzi aliyeishia kwenye omu 500 amepata jibu la hesabu. Aliyefika mwisho amepata taa isiyoungua.

Kutokana na mfano huo, yapo mambo matano ya kukagua. Kwanza, kila hatua iwe imeandikwa pamoja na sababu yake na vipimo vyake, na mchoro wa saketi uwe karibu na swali. Pili, baada ya mifano kuwe na mazoezi ya kujipima yenye majibu mwishoni. Tatu, maswali yapande kutoka mepesi hadi magumu. Nne, mada zilingane na muhtasari wa masomo unaotumika. Jambo hili ni muhimu zaidi sasa, kwa kuwa mitaala mipya ilianza kutumika kwa awamu Januari 2024. Tano, lugha iwe nyepesi, kwa kuwa mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukutana na somo hili kwa Kiingereza.

Kwa mwanafunzi wa sekondari, mahali pa kuanzia ni kitabu cha Fizikia cha Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), ambacho huandaliwa kwa kufuata muhtasari. Vitabu vya TET hupatikana pia katika maktaba yake ya mtandaoni. Anayetaka mifano mingi zaidi anaweza kutazama Principles of Electronics cha V. K. Mehta wa India, au vitabu vya mfululizo wa Schaum's Outlines, vinavyojulikana kwa wingi wa maswali yaliyokokotolewa. Lessons in Electric Circuits cha Tony Kuphaldt hupatikana bure mtandaoni. The Art of Electronics cha Paul Horowitz na Winfield Hill, kilichotoka kwanza mwaka 1980, kinasifiwa duniani kote, lakini huelekea zaidi kwenye usanifu wa saketi. Humfaa aliyekwisha kupata msingi.

Kabla ya kulipa, mnunuzi achague mada anayoifahamu kidogo, asome mfano mmoja, aufunike, kisha aukokotoe mwenyewe kwenye karatasi. Akikwama, afunue mstari mmoja tu na kuendelea. Ikiwa mstari huo unamwonesha njia, kitabu kinamfaa. Ikiwa unamwongezea maswali, atafute kingine. Mbinu hiyo hiyo ndiyo ya kusomea kitabu baada ya kukinunua. Wanafunzi watatu au wanne wanaweza pia kuchangia nakala moja na kukutana kukokotoa pamoja.

Mazoezi ya vitendo yaanze kwa betri ndogo. Umeme wa majumbani nchini ni wa volti 230, na kosa lake huweza kuua. Anayeanza asiuguse bila usimamizi wa mwalimu au fundi mwenye sifa, hata kama hesabu yake kwenye daftari ni sahihi.