Msandali wa Taita Taveta: Mafuta yanayoua viini yalivyougeuza mti kuwa windo

KWA miaka mingi msandali ulimea kwenye miteremko yenye miamba ya Taita Taveta bila kusumbuliwa na mtu. Ni mti mdogo, aghalabu kichaka tu, usiotoa mbao za kujengea wala nguzo za kuezekea nyumba. Wenyeji waliufahamu kwa matunda yake madogo mekundu, kwa gome lake lililochemshwa kuwa dawa, na kwa kuni zake zenye harufu nzuri.

Mambo yalibadilika mwanzoni mwa miaka ya 2000. Miti ilianza kung'olewa pamoja na mizizi, ikakatwa vipande na kusafirishwa usiku kupitia barabara zinazokutana mjini Voi na zile zinazoelekea mpakani Taveta. Waliokuwa wakiung'oa hawakuwa na haja na mbao. Walitafuta mafuta yaliyojificha ndani ya kiini cha shina na mizizi, ambayo viwanda vya manukato, sabuni na dawa katika nchi za mbali huyanunua kwa bei ya juu.

Ili kuelewa kwa nini mti huu ulifikia ukingo wa kutoweka katika sehemu kadhaa za Kenya, yafaa kwanza kufahamu mafuta yenyewe ni kitu gani, yana nini ndani yake, na kwa nini viini vya maradhi huyaogopa.

Mafuta ya kunukia hayafanani na mafuta ya kupikia. Tone la mafuta ya nazi likidondoka kwenye karatasi huacha doa lisilotoka. Tone la mafuta ya karafuu, kwa upande mwingine, hupaa hewani polepole na kuacha doa hafifu au lisionekane kabisa. Sababu ni kwamba mafuta ya kunukia yameundwa kwa molekuli ndogo na nyepesi zinazogeuka mvuke kwa urahisi. Ndiyo maana pua huyatambua hata kutoka mbali.

Mmea hautengenezi mafuta hayo kwa ajili ya kumfurahisha binadamu. Kwa kuwa hauwezi kumkimbia adui, huna budi kujikinga pale pale uliposimama. Harufu kali huwafukuza wadudu na wanyama walao majani, huzuia ukungu usiozeshe shina, na kwa mimea mingine huwaita nyuki waje kuchavusha maua. Kwa maneno mengine, kile ambacho mwanadamu hukiita marashi, kwa mmea ni silaha.

Mafuta hutolewa kwa mvuke. Majani au vipande vya mti hutiwa kwenye chombo, mvuke wa maji ukapitishwa humo, nao hubeba molekuli za harufu hadi kwenye mrija uliopozwa. Mvuke ukishapoa, maji hukaa chini na mafuta, ambayo kwa kawaida ni mepesi, huelea juu. Majani hayachukui muda mrefu kutoa mafuta yake. Mti mgumu kama msandali sharti usagwe kwanza, kisha upitishiwe mvuke kwa saa nyingi, kwa kuwa molekuli zake ni nzito na zimefungiwa ndani kabisa ya kiini.

Hatua inayofuata hufanyika kwenye maabara. Mashine maalumu hutenganisha viambata vya mafuta kimoja baada ya kingine, ikavipima uzito na kuvitambua kwa majina. Hapo ndipo huonekana kwamba mafuta ya mmea mmoja si kitu kimoja, bali ni mchanganyiko wa makumi ya viambata, ingawa mara nyingi viwili au vitatu ndivyo hutawala.

Mfano mzuri nchini Kenya ni kivumbasi, kichaka chenye majani ya kunukia kinachojulikana na wataalamu kama Ocimum gratissimum. Mimea ya jamii hii huota sehemu nyingi za nchi, ukiwemo ukanda wa Pwani, ambako majani yake yamechomwa tangu jadi kufukuza mbu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, wanasayansi wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Egerton walichunguza mafuta ya kivumbasi kilichochumwa Meru. Waligundua kwamba zaidi ya thuluthi mbili ya mafuta hayo, yaani asilimia 68.8, ilikuwa yujenoli, kiambata kile kile kinachoyapa mafuta ya karafuu za Unguja na Pemba ukali wake na ambacho madaktari wa meno wamekitumia kwa muda mrefu kutuliza maumivu.

Wataalamu hao waliyajaribu mafuta hayo dhidi ya bakteria wanaosababisha majipu, homa ya matumbo, kuhara na maambukizi ya vidonda, pamoja na kuvu wa Candida anayeleta utando mweupe kinywani. Viini hivyo vilizuiwa kukua, ingawa kwa viwango tofauti.

Kipimo kinachotumika sana katika kazi ya namna hii ni rahisi kueleweka. Viini hupandwa kwenye sahani yenye chakula chao, kisha kijikaratasi cha mviringo kilicholoweshwa mafuta huwekwa katikati. Baada ya siku moja hivi sahani huchunguzwa. Ikiwa mafuta yana nguvu, duara tupu huonekana kuzunguka kijikaratasi, mahali ambapo viini vimeshindwa kuota. Kadiri duara linavyokuwa pana ndivyo mafuta yanavyohesabiwa kuwa makali zaidi.

Namna mafuta yanavyoua inatokana na umbile la kiini chenyewe. Kila bakteria amezungukwa na utando mwembamba wenye mafuta ndani yake. Molekuli za harufu, zikiwa nazo ni za asili ya mafuta, hupenya na kuyeyukia ndani ya utando huo, zikaulegeza. Madini na nguvu ambazo kiini kilikuwa kimezihifadhi huanza kuvuja, mfano wa mtungi ulioingia ufa. Baadhi ya bakteria hata hivyo wana ngozi ya pili ya nje inayozuia mafuta kupita, na hao huwa wagumu kuangamiza. Miongoni mwao ni Pseudomonas, anayesumbua sana wagonjwa wenye vidonda vya moto hospitalini.

Jambo hili lina uzito wake wakati huu ambapo viini vingi vimezoea dawa za kawaida. Kenya ilizindua mpango wa kitaifa wa kukabiliana na usugu wa dawa mwaka 2017. Kwa vile mafuta ya mmea hushambulia kwa viambata vingi kwa wakati mmoja, wanasayansi wanatumai kwamba kiini kitapata ugumu zaidi kujihami.

Msandali nao una silaha yake. Kiambata kinachosifika zaidi katika jamii ya misandali ni santaloli, ambayo ipo ya aina mbili kuu. Katika msandali wa India, Santalum album, viwango vya kimataifa hutaka aina ya kwanza iwe kati ya asilimia 41 na 55 ya mafuta, na ya pili kati ya asilimia 16 na 24. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba viambata vya mti huo huzuia Helicobacter pylori, bakteria anayesababisha vidonda vya tumbo.

Msandali wa Afrika Mashariki, Osyris lanceolata, ni ndugu wa ule wa India lakini si mti ule ule. Mafuta yake yana harufu inayokaribiana, na hilo ndilo lililouponza. Msandali wa India ulipoadimika kutokana na kuvunwa kupita kiasi, wafanyabiashara walielekeza macho yao huku.

Hapa kemia inakutana na balaa. Mafuta ya kivumbasi yamo kwenye majani. Mkulima akichuma leo, kichaka huchipuka tena. Mafuta ya msandali yamo kwenye kiini, na kwa wingi zaidi kwenye mizizi na sehemu ya chini ya shina. Hakuna namna ya kuyapata bila kuung'oa mti. Aidha, kiini hicho huchukua miaka mingi kukomaa, hivyo mti mchanga hauna thamani na mti wenye thamani ni mzee.

Isitoshe, msandali una miti ya kiume na ya kike iliyo mbalimbali. Wavunaji hupendelea ya kike, ambayo husemekana kuwa na mafuta mengi zaidi, ilhali hiyo ndiyo inayozaa mbegu. Inapoondolewa, miti ya kiume iliyobaki haina uwezo wa kuacha kizazi.

Kuna na jambo la tatu. Mizizi ya msandali hujishikiza kwenye mizizi ya miti jirani na kunyonya sehemu ya maji na chakula chake. Kwa hiyo hauwezi kupandwa peke yake shambani kama mkonge wa Mwatate au Voi. Mche hustawi ukipandwa kando ya mwenyeji unaoelewana naye, na mbegu zenyewe ni nzito kuota. Kutegemea mashamba mapya yafidie miti iliyong'olewa ni kungoja muda mrefu.

Serikali ilichukua hatua mwaka 2007, pale Rais Mwai Kibaki alipoutangaza msandali kuwa mti unaolindwa na kupiga marufuku uvunaji wake kwa miaka 5. Machi 2013, mkutano wa mataifa yanayosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini, uliofanyika Bangkok, ulikubali kuuingiza msandali wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Ethiopia kwenye orodha ya mimea ambayo haiwezi kuvuka mipaka bila kibali maalumu. Mwaka huo huo Kenya ilipitisha sheria mpya ya wanyamapori, ambayo nayo inaulinda mti huu.

Sheria pekee haizimi tamaa maadamu soko lipo. Kijana asiye na kazi katika eneo kame, ambako mvua ni haba na ndovu wa Tsavo huvamia mashamba, hushawishika kirahisi anapopewa fedha kidogo kwa usiku mmoja. Faida kubwa hubaki kwa walanguzi, ilhali yeye ndiye anayekutwa na shehena na kufikishwa mahakamani.

Njia nyingine imeonekana magharibi mwa nchi. Kando ya msitu wa Kakamega, kikundi cha wakulima cha Muliru, kwa ushirikiano na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, hulima jamaa wa kivumbasi mwenye kafuri nyingi, huyakamua majani yake kwa mvuke na kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Mwaka 2010 kikundi hicho kilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Funzo lake kwa Taita Taveta ni kwamba mmea wa majani unaweza kumpa mkulima kipato bila kuumaliza msitu.

Wataalamu lakini huonya dhidi ya pupa. Kwanza, mimea yenye jina moja yaweza kuwa na mafuta tofauti. Kivumbasi cha Meru kimejaa yujenoli, ilhali katika sehemu za Afrika Magharibi mmea huo huo hupatikana ukiwa na thimoli kwa wingi. Udongo, mwinuko, msimu na ukoo wa mmea huchangia, hivyo mafuta ya kila eneo sharti yapimwe yenyewe.

Pili, kuua kiini kwenye sahani si sawa na kumponya mgonjwa. Mafuta haya yakitumiwa bila kuzimuliwa huchoma ngozi, na yakinywewa yanaweza kudhuru ini. Kafuri ni hatari hasa kwa watoto wadogo, kwani hata kiasi kidogo kikimezwa chaweza kuleta degedege. Anayeugua homa ya matumbo anahitaji daktari, si chupa ya mafuta.

Ama kuhusu msandali, kila mti wa kike uliosalia katika milima ya Taita, Sagalla na Kasigau ni ghala la mbegu. Utafiti wa kupata dawa kutoka kwake unawezekana tu iwapo mti wenyewe utakuwapo, na mafuta ya chupa moja hayawezi kurudishwa kuwa mche.