Gari Kuukuu na Oili Yake: Linden Si Maskati

Suali hili huniletea jamaa wa Al Khoud, wa Mabela na wa Unguja, na huulizwa vile vile na majirani zangu hapa Linden, kaskazini mwa mji wa Columbus, jimbo la Ohio: gari langu limeshazeeka, nilitie oili gani? Jawabu inayozunguka barazani ni moja: injini ikizeeka, itie oili nzito. Jawabu hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki inaweza kumuulia mtu injini. Makala haya yanaieleza nusu hiyo.

Kwanza msomaji wa Ghuba aelewe kwa nini hapa jambo hili si dogo. Linden imepitiwa na barabara ya Cleveland Avenue, na ukiingia madukani huku utasikia Kiswahili cha kila namna: cha Wasomali na Wabantu wa Somalia waliopitia makambi ya Dadaab na Kakuma, cha Wakongo, na cha sisi wachache wa visiwani. Wengi wetu tunafanya kazi kwenye maghala yaliyo pembezoni mwa mji, na zamu nyingi ni za usiku. Basi la CMAX linapita Cleveland Avenue tangu Januari 2018, lakini ghala liko mbali na kituo. Kwa hivyo mtu hununua Corolla au Camry ya miaka 15 au 20. Injini ya gari kama hilo ikifa, gharama ya kuitengeneza hupita thamani ya gari lenyewe, na kazi nayo huondoka.

Namba zilizo kwenye galoni

Kila galoni ya oili ina namba kama 5W-30, 10W-40 au 20W-50. Namba hizi zimewekwa na jumuiya ya wahandisi wa magari ya Marekani, SAE. Hazipimi ubora wa oili. Zinapima wepesi au uzito wake wa kutiririka.

Namba ya kwanza, yenye herufi W, inahusu baridi. Kadiri inavyokuwa ndogo, ndivyo oili inavyobaki nyepesi katika baridi kali. Oili ya 5W hupimwa katika nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri ili ijulikane kama injini itaweza kuzunguka. Ya 10W hupimwa katika 25 chini ya sifuri, na ya 20W katika 15 tu chini ya sifuri. Namba ya pili inahusu injini ikishapata moto, na hupimwa katika nyuzi 100. Hapo oili ya 50 ni nzito kuliko ya 40, na ya 40 ni nzito kuliko ya 30.

Anayejua mafuta ya nazi atafahamu haraka. Mchana yanamiminika kama maji, na asubuhi ya kipupwe yameganda chupani. Oili ya gari haigandi upesi hivyo, lakini mwenendo wake ni huo huo.

Baridi ya Ohio na joto la Quriyat

Mwezi wa Juni 2018, mji wa Quriyat ulipitisha siku nzima, mchana na usiku, bila ya joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Columbus nayo, tarehe 19 Januari 1994, ilifika nyuzi 30 chini ya sifuri. Injini ni moja, ya kiwanda kimoja, lakini dunia hizi mbili hazifanani.

Injini ikiwa imelala usiku kucha, oili yote imeshuka chini kwenye karai. Ukiwasha, pampu inatakiwa kuivuta na kuipandisha mpaka juu kwenye valvu. Oili ikiwa nzito kwa baridi, inachelewa kufika, na vyuma vinasagana vikavu. Hapo ndipo injini inapoliwa, kidogo kidogo, kila alfajiri.

Jirani yangu mmoja, mzee wa kutoka Bukavu, alikuwa akitia 20W-50 kwenye Corolla yake kwa sababu ndiyo aliyoizoea kwao. Ilipofika Januari, gari likawa linagonga kila linapowashwa, na yeye akaamini kuwa injini imekwisha. Nilimwambia, "Mzee wangu, tufungue boneti tusome kifuniko." Kifuniko cha kutilia oili kilikuwa kimeandikwa 5W-30. Tulibadilisha oili na filta, na mgongano ule ukaondoka. Bahati yake aliuliza mapema.

Je, injini iliyochakaa haitaki oili nzito?

Fikra ya oili nzito haikutoka hewani. Injini ikienda masafa marefu, nafasi baina ya vyuma huongezeka, ringi za pistoni hulegea, na sili za mpira hukauka. Oili nzito huvuja kwa uchache na huungua kwa uchache. Lakini inaficha ugonjwa, haiuponyeshi. Tena magari mengi yaliyotengenezwa kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 yana mitambo ya kubadilisha muda wa valvu, kama ile Toyota inayoiita VVT-i. Mitambo hiyo huendeshwa kwa nguvu ya oili inayopita kwenye vijia vyembamba, na oili nzito kupita kiasi huichelewesha.

Kama gari linakula oili, fuata ngazi hizi. Anza na uzito ule ule ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, lakini chagua oili ya magari yaliyotembea sana, yaani iliyopita maili 75,000. Oili hiyo ina dawa za kulainisha sili. Pili, mwambie fundi aangalie valvu ndogo ya PCV, ambayo ndiyo pua ya injini. Ni spea rahisi, na ikiziba injini hula oili. Baada ya hapo, kama kitabu kinaruhusu, panda ngazi moja tu, kwa mfano 10W-40, na iwe wakati wa joto.

Kwa aliyeko Maskati hesabu ni nyengine. Vitabu vingi vya magari ya zamani vina jaduweli inayoonesha oili kwa kiwango cha joto, na katika nchi zisizo na baridi 10W-40, 15W-40 na hata 20W-50 huwa zimeruhusiwa kwa injini nyingi za wakati ule. Soma jaduweli hiyo kabla ya kumsikiliza muuzaji.

Herufi nazo zisomwe

Nyuma ya galoni kuna alama ya duara ya API, taasisi ya mafuta ya Marekani. Oili za petroli huanza na S. Daraja la SP lilianza Mei 2020, na daraja jipya hufaa pia kwa magari ya kabla yake. Jihadhari na oili rahisi za SA zinazouzwa kwenye baadhi ya maduka madogo. API yenyewe inasema SA haifai kwa injini nyingi za petroli zilizoundwa baada ya 1930. Galoni ni safi, oili inang'ara, na bei inavutia, lakini ndani hamna dawa yoyote ya kulinda chuma.

Dizeli ina herufi zake zinazoanza na C, kama CI-4 au CK-4. Na mwenye Land Cruiser FJ40 ya petroli ya miaka ya 1970 akumbuke kuwa oili nyepesi za leo, kama 5W-30, zimepunguziwa zinki na fosforasi ili zisiharibu kisafisha moshi. Kemshafti za zamani zinahitaji dawa hizo. Huyo atafute oili ya 15W-40 au 20W-50 iliyoandikwa kuwa ina zinki ya kutosha.

Mazoea yanayookoa injini

Oili nzuri kuliko zote haisaidii ikiwa imepungua. Kila wiki mbili egesha gari pahala tambarare, zima injini, subiri dakika chache, futa kijiti cha kupimia, kirudishe, kisha kitoe usome. Baina ya alama ya chini na ya juu ni kiasi cha lita moja. Oili kuwa nyeusi peke yake si ugonjwa. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji ya rejeta yameingia, na gari lisitembezwe tena mpaka fundi alione.

Badilisha oili pamoja na filta kila maili 5,000, au kilomita 8,000, na ile kuukuu ipeleke duka la spea. Mengi huku huipokea bure. Andika tarehe na namba ya maili kwenye kidaftari ndani ya gari. Wazee walisema mali bila ya daftari hupotea bila ya khabari, na gari kuukuu ni mali.